Begi Nyuma ya Mlango wa Mbele

Katika kijiji chao hakuna mtu mwenye akili timamu anayeingia nyumbani kwa mwenzake kwa mlango wa mbele. Jirani hupita nyuma, mleta barua hupita nyuma, hata mchumba hupita nyuma, akavua viatu jikoni na kunawa mikono kwenye sinki. Mlango wa mbele ni wa daktari, wa jeneza, na wa wazee wa kanisa. Kwa kuwa nyumbani kwa mama Pieternel hapakuwa na mgonjwa wala maiti, binti yake Leuntje aliamua kuwa nyuma ya mlango ule ndipo mahali salama kuliko pote katika jimbo zima la Zeeland pa kuficha begi la kutorokea.

Wazee wa kanisa aliwasahau.

Si kwamba hakuambiwa. Mama yake alitangaza mezani kwamba Alhamisi wazee wanakuja kuuliza hali ya roho, kama wanavyozizungukia nyumba zote kila mwaka. Leuntje akaitika "Ndiyo, Mama," huku akisoma ujumbe wa Wisse chini ya meza. Mtu akipenda vibaya, masikio ndiyo ya kwanza kumkimbia.

Na Leuntje alipenda vibaya, hilo tuliseme wazi. Alikuwa na miaka ishirini na saba, anauza mkate, na mwezi uliofuata alikuwa aolewe na Krijn, mfuga ng'ombe, mwanamume mwenye mabega mapana na maneno machache. Leuntje alimpenda Krijn, tena alimpenda kwa raha, kama mtu anavyopenda kurudi kwao. Lakini Wisse hakumpenda hivyo. Kwa Wisse aliumwa. Wisse ndiye aliyemwacha miaka mitatu iliyopita bila hata kuaga, akaenda Rotterdam kuwauzia matajiri majiko ya kifahari, akaoa huko huko. Sasa alikuwa amerudi kumwona dada yake, akaingia dukani, akainama juu ya kaunta na kusema, "Leun, bado unanukia mdalasini." Tangu siku hiyo wateja walioomba mkate mweupe walikuwa wanaenda nyumbani na mkate wa kahawia.

"Na mkeo?" Leuntje alimuuliza siku waliyokutana kando ya mfereji.

"Tumeshaachana," alisema Wisse kwa huzuni. "Bado yeye tu hajaambiwa."

Mtu mzima akisikia jibu kama hilo hucheka akaenda zake. Leuntje alikwenda nyumbani akalia kwa kumwonea Wisse huruma. Kila usiku alipiga magoti akamwomba Mungu amwondolee mtu yule moyoni, na kila alipofika Amina alinyoosha mkono kuangalia kama simu ina ujumbe.

Ujumbe wa mwisho, Alhamisi hiyo, ulisema: Leo saa mbili, darajani. Twende Antwerpen siku mbili tu, tuzungumze. Saa mbili usiku, ambayo kwao mwezi wa Mei bado ni mchana mweupe.

Alikuwa ghorofani anajipaka manukato wakati kengele ya mlango wa mbele ilipolia. Mara ya mwisho kuisikia ilikuwa siku walipolitoa jeneza la baba yake. Ikafuata sauti ya mlango ukigonga kitu kizito.

"Kuna kitu kinazuia," ilisema sauti nene.

Leuntje aliijua sauti ile. Wazee huenda wawili wawili, kwa mitaa waliyogawiwa, na hakuna anayechagua wa kumkagua. Mtaa wao mwaka huu alikuwa amepewa mzee Huibrecht, baba yake Krijn.

Alishuka ngazi mbio. Huibrecht, ndani ya suti nyeusi iliyokuwa inambana, alikuwa nusu ndani na nusu nje. Nyuma yake mzee Kommer, aliyekwisha kuvuka miaka themanini, alikuwa anamsukuma mgongoni.

"Ni begi," alisema Huibrecht, akiinama. "Nani anasafiri?"

"Hasafiri mtu," alijibu mama Pieternel, akitokea jikoni anafuta mikono.

"Ni nguo," alisema Leuntje. "Za wahitaji. Nilitaka kuzipeleka kwa shemasi."

Uongo ule ulimtoka laini mpaka mwenyewe akashangaa.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Huibrecht, naye alimaanisha. "Usijisumbue. Tukitoka hapa tunapita kwa shemasi. Nitalibeba mimi."

Akaingia nalo chumba cha wageni, akaketi, akaliweka katikati ya viatu vyake.

Kahawa ikamiminwa. Kila mtu akapewa biskuti moja, kisha mama Pieternel akafunika kopo ili pasiwe na tamaa. Leuntje alitazama saa ya ukutani, akatazama begi, akatazama saa tena.

"Pieternel," alianza Kommer, "roho i hali gani?"

"Vita vipo, mzee, lakini neema nayo ipo."

"Vema. Na wewe, Leuntje?"

"Vita vipo, mzee, lakini neema nayo ipo."

"Hayo kashayasema mama yako," alisema Kommer. Mzee huyu alikuwa kiziwi wa sikio moja na mvivu wa lile la pili, lakini kitu kilichokaririwa alikitambua. "Nakuuliza wewe. Moyo wako unalindwaje?"

"Mwache binti wa watu," alisema Huibrecht kwa upole, akilipapasa begi. "Moyo wake si huu hapa, tunauona kwa macho?"

"Zimo za watoto?" aliuliza Kommer. "Shemasi analilia nguo za watoto."

Kabla mtu hajasimama, alikuwa amekwisha kuvuta zipu. Alitoa gauni la kulalia, jekundu, jepesi, akaliinua kuelekea dirishani kupima ukubwa. Jua la jioni likapita ndani yake bila kizuizi chochote.

"Hili mtoto atapata nimonia," alisema. Akaingiza mkono tena. "Siku hizi wahitaji wanapewa na mswaki?" Akausogeza karibu na miwani. "Umetumika."

Mama Pieternel alikuwa anamimina kahawa. Aliendelea kumimina kikombe kikajaa, kisosi kikajaa, kitambaa cha meza kikaanza kunywa.

Huibrecht aliliona gauni, akageuza macho upesi kwenye viatu vyake. Masikio yalimwiva yakawa mekundu.

"Rudisha, Kommer," alinong'ona. "Hivyo vitakuwa vitu vya harusi. Binti kaona haya tu."

Hapo Leuntje alifunguliwa mlango bure. Alichotakiwa ni kusema ndiyo. Angesema ndiyo, angeona haya kidogo, wazee wangeomba na kwenda, na darajani angewahi. Alimtazama mkwe wake mtarajiwa, uso ule mpana wenye doa la grisi ya trekta chini ya sikio, uso uliokuwa unamkopesha uongo wa pili kwa wema mtupu, na akaukataa mkopo.

"Si vya harusi," alisema. "Ni vya leo."

"Anasemaje?" aliuliza Kommer.

"Nilikuwa nakwenda Antwerpen. Na mtu."

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Mungu anasikia, mimi sisikii."

"Nina mtu moyoni, mzee. Si Krijn."

"Kwa nguvu."

"Nampenda mume wa mtu," alisema Leuntje kwa sauti iliyoamsha mbwa wa jirani, "na simpendi kwa wema. Nampenda kama mgonjwa. Sili, silali, siombi, naomba na simu mkononi. Najua ataniharibu. Ameshaniharibu mara moja. Na akiniita naenda."

Mama Pieternel akaliweka birika chini.

"Wisse," alisema Huibrecht taratibu.

"Wisse."

"Wa gari la njano. Nimeliona darajani tulipokuwa tunakuja. Nikasema maskini yule kakwama."

"Huyo si ndiye aliyekuacha ukakonda mpaka nikakupunguzia sketi?" aliuliza mama Pieternel.

"Mama, jamani."

"Nauliza tu. Sketi ninayo bado."

Huibrecht aliweka kikombe chini.

"Kommer," alisema, "mimi hapa ni nani?"

"Mzee wa kanisa."

"Si baba yake Krijn?"

"Baba yake Krijn utakuwa tukishatoka."

"Basi acha niseme kabla hatujatoka, maana nikishakuwa baba yake Krijn sijui nitasema nini." Alijifuta paji la uso. "Leuntje, unamkumbuka yule daktari wa mifugo wa zamani? Mwanamke mwenye nywele nyekundu?"

"Namkumbuka."

"Mwaka mzima. Nilikuwa na mke mwema na watoto watatu, na mwaka mzima ng'ombe wangu walitibiwa hata wasipoumwa. Walichomwa sindano wale wanyama, masikini. Nilikuwa nikisikia gari lake nanawa uso."

Mama Pieternel aliketi bila kuangalia kama kiti kipo. Kwa bahati kilikuwapo.

"Nilimwomba Mungu auondoe ule moto," aliendelea Huibrecht. "Hakuuondoa. Alimleta Kommer, kwa mlango wa mbele, kama leo. Nikamwambia. Na yeye kipindi kile alikuwa anasikia vizuri, kwa hiyo nilisema mara moja tu."

"Akakwambia nini?" aliuliza Leuntje.

"Nilimwambia abadilishe daktari," alisema Kommer. "Yupo mwingine ng'ambo ya pili, mwenye ndevu. Bei ile ile."

"Basi?"

"Basi. Moyo ulinibishia muda mrefu," alisema Huibrecht. "Kila ng'ombe akikohoa, moyo unasema mwite yule. Lakini wa kupiga simu ni mimi. Nikampigia mwenye ndevu, nikaenda zizini nikalia kama mtoto. Na usiku nikamwambia Bwana, mimi nimeweka komeo upande wangu, upande wa ndani ni wako."

Leuntje alikuwa analia sasa, na kucheka, na kulia tena. "Ulipoa lini?"

"Sijui. Siku moja nilikutana naye sokoni nikamuuliza kuhusu kwato. Nikagundua kweli nilikuwa nataka kujua kuhusu kwato."

Kengele ikalia.

Mama Pieternel alikwenda kufungua, akidhani labda kanisa limeongeza wazee. Alikuwa Wisse, ndani ya shati jeupe, nywele zimelala vizuri, uso wa mtu aliyechoka kusubiri darajani. Kule Rotterdam alikuwa amesahau milango ya kijijini inavyotumika.

"Leun yuko?"

"Yuko. Ingia ukae," alisema mama Pieternel. "Tunakaribia kuomba."

Kwao huwezi kumwacha mtu amesimama nje wakati wa maombi, hata awe nani. Wisse alijikuta ameketishwa karibu na Kommer, ambaye bado alikuwa na gauni jekundu gotini. Alipewa kahawa. Biskuti hakupewa.

Huibrecht alifungua Biblia, akasoma pale mfalme anapomwambia mwanawe aulinde moyo kuliko vitu vyote, akafumba macho, akaomba. Aliombea mvua, ng'ombe, wagonjwa, serikali, mabaharia, na wamisionari mmoja mmoja kwa nchi zao. Kisha sauti ikashuka. "Na mioyo yetu, Bwana. Unajua jinsi ilivyo. Tukiifungia huku inatokea kule."

Leuntje alifumbua jicho. Wisse alikuwa anamtazama. Akamkonyeza.

Na moyo wa Leuntje ukaruka, kama kawaida yake. Hilo lilimshtua kuliko yote. Alidhani akishaungama mbele ya watu atakuwa amepona, kumbe ugonjwa uko pale pale, umekaa tu unangoja. Mkonyezo ule ungempeleka Antwerpen bila viatu. Alishika kiti kwa mikono miwili, akafumba macho yote mawili, akayabana. Bwana, alisema kimoyomoyo, usiniruhusu niyafumbue. Hakuwahi kuomba sala fupi hivyo, wala hakuwahi kuimaanisha sala hivyo.

Aliyafumbua baada ya Amina, na akayaelekeza kwenye zulia.

"Wisse," alisema, "nenda nyumbani. Kamwambie mkeo kwamba mmeachana, au ujiambie mwenyewe kwamba hamjaachana. Mimi siji. Wala usiniandikie tena."

"Leun, hebu niangalie usoni uniambie hivyo."

"Siwezi kukuangalia. Ndiyo maana sikuangalii."

Wisse alicheka, kile kicheko chake cha kushawishi, na pengine angeendelea. Lakini Kommer alimshika mkono.

"Kijana, wewe mwaka huu umetembelewa na nani?" aliuliza. "Kaa. Tuanze na hali ya roho. Sema kwa nguvu."

Wisse alikumbuka kuwa gari lake amelipaki vibaya. Alitoka kwa mlango wa mbele, na kwa dirisha la chumba cha wageni wote wanne walimwona akipita katikati ya maua ya mama Pieternel bila kuangalia chini.

Ndipo kikapu cha stroberi kilipowekwa mezani jikoni.

Krijn alisimama kwenye mlango wa jikoni na soksi tu miguuni. Hakuna aliyemsikia akiingia. Alikuwa amepita nyuma, kama watu.

"Umefika saa ngapi?" aliuliza mama Pieternel.

"Kwenye mswaki," alisema Krijn.

Krijn alimtazama baba yake.

"Nywele nyekundu, baba?"

"Mama yako anajua," alisema Huibrecht. "Kommer, chukua kofia. Twende."

"Hatujamaliza kahawa."

"Tumemaliza."

Wazee walipotoka na mama Pieternel akawasindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo halijapata kutokea, walibaki wawili. Leuntje alitaka kumkimbilia akashindwa. Uso wa Krijn ulikuwa mweupe, na mikono yake mikubwa haikujua ikae wapi.

"Wazee wasingekuja," aliuliza, "ungekwenda?"

Angeweza kumpunguzia maumivu kwa neno moja. Alimpenda mno hata asiweze kufanya hivyo, na ilimuuma kugundua upendo ule saa ile, ukiwa umekwisha kuchelewa.

"Ningekwenda," alisema.

Krijn alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Akarudi jikoni, akaketi, akafunga kamba za viatu, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto, akakosea, akafungua, akafunga tena.

"Stroberi mzile leo," alisema. "Hazilali."

Mlango wa nyuma ukafungwa taratibu. Leuntje aliketi sakafuni jikoni, karibu na meza yenye kikapu, akalia mpaka mama yake aliporudi, akaketi naye, akamfuta pua kwa aproni kama alipokuwa mdogo.

Krijn hakuja kesho yake, wala Jumamosi. Leuntje alifuta namba ya Wisse. Moyo ulimwambia akumbuke tarakimu za mwisho. Aliufokea, akauza mkate mweupe kwa walioomba mweupe.

Jumapili ilifika bila huruma. Kwao mchumba hukaa benchi moja na familia ya msichana, na kanisa zima linajua nafasi ya nani iko wapi. Krijn akiketi kwa wazazi wake, kabla ya kahawa ya saa tano kijiji kizima kitakuwa kimeshavunja harusi kwa niaba yao. Leuntje aliketi karibu na mama yake. Upande wa pili mbao zilikuwa tupu. Wazee waliingia kwa mstari. Huibrecht aliziona mbao zile, akateremsha macho.

Kinanda kikaanza. Zaburi ikaimbwa polepole, kama wanavyoimba wao, pumzi moja kwa kila silabi, na Leuntje hakuimba. Alisikia viatu. Alisikia mama mmoja akisema "samahani" na mwingine akivuta magoti. Krijn alipita mbele ya watu watano, akaketi kwenye nafasi yake, akatazama mbele moja kwa moja.

Hakumsalimu. Mchungaji alisoma, akaomba, akatangaza kuwa mahubiri yana sehemu tatu. Alipotaja sehemu ya kwanza, kanisa zima likaingiza mikono mifukoni, maana bila peremende hakuna anayeweza mahubiri. Mama Pieternel alichukua yake, akampitishia Leuntje ile paketi. Leuntje akachukua yake. Kisha akainyoosha paketi kwa Krijn.

Krijn aliitazama kwa muda mrefu sana. Benchi la nyuma liliacha kutafuna.

Akachukua moja.

"Bado nimekasirika," alinong'ona, macho kwa mchungaji.

"Najua."

"Inaniuma mpaka nikikamua ng'ombe."

"Najua, Krijn. Nisamehe."

Alinyonya peremende yake akifikiri. "Nitakasirika mpaka Jumatano hivi."

Leuntje aligeuza kichwa. "Na Alhamisi?"

"Alhamisi," alisema Krijn, na masikio yakamwiva kama ya baba yake, "tunaenda kuchagua kitanda."

Leuntje alijifunika uso kwa kitabu cha Zaburi, mabega yakimtikisika kwa kicheko, na mama yake, aliyedhani binti analilia dhambi zake, akampa peremende ya pili.